Chumba Alicholala Mkaa

Jumatatu, 6 Mei
Mdogo wangu, salamu nyingi. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, namshukuru Mungu. Ulitaka niandike kila jambo kisha nikutumie, basi barua ndiyo hii.

Vyumba vyangu vya kupangisha vyote vitupu. Wanafunzi wa chuo cha usanifu majengo na sanaa wamehamia kwa jirani, kwenye sakafu za vigae. Wifi kasema visipojaa mwezi huu, niuze nyumba nikaishi kwake. Kwake hata paka huomba ruhusa ya kupiga chafya.

Jumanne, 7 Mei
Mungu kaniona. Ijumaa chuo kinawaalika wahitimu wake mashuhuri, na mmoja ni Mkaa! Alipanga chumba cha nyuma enzi za uanafunzi, akichora ukutani kwa mkaa wa jikoni. Leo picha zake zinatundikwa kwenye majumba makubwa. Nimempigia. Atakuja kukiona chumba chake, na waandishi watamfuata. Hila yangu: apigwe picha mlangoni, wanafunzi warudi mbio.

Jirani anadai msanifu wa uwanja wa mpira alilala kwake. Uongo. Alikwenda kuazima pasi.

Alhamisi, 9 Mei
Siku nzima na fundi rangi. Kuta za chumba cha nyuma zilikuwa aibu: mikono isiyo na mwili, farasi wasio na miguu. Fundi kauliza kama nina hakika. Nikamwambia mgeni mashuhuri hapokelewi kwenye masizi. Sasa chumba cheupe kama yai.

Ijumaa, 10 Mei
Mkaa kaja na mvi zake, kanikumbatia, kaniita mama. Nikafungua mlango kwa madaha. Kauliza kwa upole michoro iko wapi. Ndiyo aliyoijia, ya kwanza maishani mwake.

Jirani, dirishani kwake, kacheka mpaka kakohoa.

Mkaa kaketi kitandani, naye kaanza kucheka. Kawaambia waandishi sijabadilika: hata turubai lake la mchoro wa mtihani niliwahi kulifua nikidhani shuka. Kaomba mkaa jikoni, kanichora ukutani, mzima mzima, brashi mkononi. Nililia. Nani mwingine angenisamehe hivi? Asante, Mungu wangu.

Jumapili, 12 Mei
Ukuta umetoka gazetini. Vyumba vimejaa, wifi kanyamaza. Nimeshukuru mpaka sauti imekauka.

Ila watu wanamiminika kuutazama, ndipo nami nikautazama vizuri. Pua kaikuza. Sitaki Mkaa wa watu aaibike. Nimemwita fundi rangi Alhamisi, arekebishe kidogo tu. Nijibu upesi, mdogo wangu: apunguze pua peke yake, au na kidevu?