Kikombe cha Kwanza cha Bi Kamba

Profesa hakuwahi kufundisha hata kuku kudonoa, ila miwani alikuwa nayo, na mjini miwani inatosha. Siku hiyo alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, povu limemjaa mashavuni, aliposikia kinyozi akilalamika kwamba siku hizi chai yake inanuka gereji. Kisima cha mtaa kiko bondeni. Juu yake, hatua kama thelathini hivi, iko gereji ya Mzee Spana, na nyuma ya ukuta wa gereji kuna shimo anamomwaga oili chafu ya magari. Mvua ikinyesha, oili nayo inateremka taratibu, haina haraka. Watu wamelalamika mpaka koo zimekauka, na koo zikishakauka wanakwenda kunywa maji yale yale.

"Maskini," Profesa akasema kwa huzuni kubwa, huku moyoni anapiga makofi.

Alikuwa na kisanduku cha bati chenye betri mbili na nyaya mbili. Nyaya ukizifunga kwenye misumari ya chuma na kuitumbukiza kwenye glasi yenye maji na chembe ya chumvi, hata maji ya mvua yatageuka kahawia ya kutisha. Ukizifunga kwenye vile vijiti vyeusi vya ndani ya penseli, maji yanabaki meupe pepepe. Sayansi ya Profesa ilikuwa ya haki kabisa: majibu yalimfuata mteja.

Alianzia kwa Bi Kamba, mjane anayetunza kamba na ndoo ya kisima. Bila yeye hakuna achotaye. Jioni huikunja kamba yake na kuitundika kwenye msumari ukutani mwa sebule. Profesa akaamkia kwa adabu zote, akakaribishwa kigoda, akatoa misumari yake na kuyageuza maji kahawia mbele ya macho ya mama yule. Akaeleza kwamba ana unga maalumu wa kutibu kisima, na kwamba bei yake, kwa heshima ya mama, ni ya bure kidogo.

Bi Kamba aliitazama glasi, kisha akamtazama mkaza mwana wake, mwenye mimba ya miezi minane, aliyekuwa mlangoni akikamua nguo.

"Mwanangu, kwamba maji yamechafuka najua, pua ninayo," alisema. "Huyu anakunywa kwa ajili ya wawili, na mimi silali. Ninachotaka lile shimo liondoke. Unga wako unaondoa shimo?"

Unga ulikuwa chokaa ya kupaka ukutani. Profesa akakiri kwamba mashimo si fani yake, akaaga, akapanda mlima kwenda kwa yule mwenye uwezo.

Mzee Spana hakuhitaji maelezo mengi. Siku zote walalamikaji walikuwa wakimwita muuaji, na sasa amekuja mtaalamu mwenye miwani anayeweza kuthibitisha hadharani kwamba maji ni safi! Wakakubaliana malipo: pikipiki nyekundu iliyoegeshwa pembeni, tenki limejaa, ufunguo mkononi kabla ya kazi. Profesa, ambaye hamwamini mtu kwa kuwa anajijua mwenyewe, akaiwasha kwanza. Ikanguruma vizuri. Akaizima haraka, asimalize mafuta yake.

Kesho yake, kwa mwito wa Mzee Spana, mtaa mzima ukakusanyika kisimani. Profesa akatumbukiza vijiti vyake vya penseli, akasubiri, akainua glasi juani. Nyeupe pepepe. Akatoa hotuba kuhusu madini, tabaka za ardhi na hatari ya umbea. Mzee Spana akatikisa kichwa kwa unyenyekevu wa mtu aliyesingiziwa siku nyingi.

Profesa alikuwa akimchungulia Bi Kamba, akingoja aseme kwamba jana maji hayo hayo yaligeuka kahawia sebuleni kwake. Alikuwa na jibu tayari. Lakini Bi Kamba alikwenda kwenye kamba yake. Aliteremsha ndoo, akaivuta, akachovya kikombe cha bati.

"Tunamshukuru mtaalamu," alisema. "Sasa tufuate desturi. Anayekiapia kisima hiki kwamba ni safi hunywa kikombe cha kwanza, na aliyemleta hunywa cha pili. Ndivyo walivyofanya waliokichimba."

Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Profesa akapokea kikombe. Juu ya maji palikuwa na utando mwembamba wenye rangi za upinde wa mvua, mzuri wa kutazama. Akafumba macho, akaiwaza pikipiki, akanywa chote, akatabasamu kama mtu anayeng'olewa jino. Ukweli usemwe, wengine hufa kishujaa kwa mambo madogo zaidi.

Kikombe cha pili kikaenda kwa Mzee Spana. Akasema ameshiba. Akasema daktari wake amemkataza maji ya baridi. Bi Kamba akajitolea kumchemshia. Akasema ana haraka.

"Mzee," yule mkaza mwana akasema, mkono tumboni, "mimi nakunywa haya kila siku. Wewe kikombe kimoja tu kinakushinda?"

Hapo hapakuwa na mtu aliyehitaji kisanduku. Mzee Spana akatazama chini, watu wakamtazama yeye, na kinyozi, mtu mpole, akaenda kuleta koleo la kuchimbia. Lile shimo lilichimbuliwa siku tatu, udongo mweusi ukatiwa kwenye mapipa na kupelekwa mbali, naye Mzee Spana akiwa wa kwanza kwenye foleni ya kubeba. Wa pili alikuwa Profesa. Asingechimba, lakini Bi Kamba alikuwa amemwomba ampe ufunguo wa pikipiki amtunzie, usije ukapotea kwenye msongamano, na tangu hapo ufunguo ulining'inia msumarini pamoja na kamba ya kisima. Kisima chenyewe kikafungwa mpaka kitakapopona, na maji yakawa yanaletwa kwa mkokoteni, kwa gharama ya gereji.

Siku ya nne Bi Kamba akamrudishia ufunguo na kumtakia safari njema. Profesa, viganja vimejaa malengelenge, akawasha pikipiki na kuondoka kwa mbwembwe. Alifika mbali: mpaka kona ya pili. Hapo pikipiki ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza.

Akashuka. Akafungua kifuniko cha tenki kwa ufunguo ule ule, akainamisha pua. Yalikuwa maji, tenki zima, na maji gani hayo alikwishayajua kwa ulimi.