Nikeli Iliyopelekwa Shule

Maabara, tapeli mwenye ulimi uliopigwa pasi, alimsikia sonara akilalamika mlangoni pa duka lake kwamba platini imepanda bei kuliko kiburi cha wateja. Moyo wake ukajaa huruma: ile ya paka kwa panya aliyeteguka mguu.

Kesho yake akatua dukani na koti jeupe la kuazima kwa muuza nyama, na jiko la umeme bovu alilolifungia taa tatu.

"Mzee wangu, atomu ni kama wanafunzi. Nikeli haina ubaya, imekosa mwalimu tu. Mashine hii inazipanga atomu zake hadi ziishi kiplatini."

"Ziwe platini?"

"Ziige! Lakini kuiga ambako platini yenyewe ikikutana nazo itazipa shikamoo."

Akaingiza pete ya nikeli, madini ya bei ya chee. Mashine ikanguruma, ikanuka mkate ulioungua, na kwa wepesi wa vidole ambao sayansi bado haijaueleza, ikatoka pete nyingine: platini halisi ya mama mkwe wake, aliyoichomoa kabatini asubuhi bibi huyo akiwa anaoga. Ilipaswa kurudi kabla ya adhuhuri. Mama mkwe alikuwa na harusi ya kwenda, tena kofi lake ni zito.

Sonara akaitia tindikali. Pete haikushtuka. Akachungulia ndani yake kwa lenzi, akachungulia tena.

"Ngoja nimpigie mshirika wangu. Hayuko mbali." Akaingia nayo chumba cha nyuma.

Maabara akabaki kitini, anachagua kichwani rangi ya ghorofa atakayojenga.

Baada ya nusu saa sonara akarudi mikono mitupu, anatabasamu. "Mwalimu, nimekukubali. Kuiga uzito, sawa. Kuiga rangi, sawa. Lakini nikeli yako imeiga mpaka nukta tatu ninazogonga ndani ya kila pete ninayotengeneza mimi!"

"Aah... hiyo... atomu zikikaa karibu na fundi hodari, mzee, zinaiga hata..."

"Na saizi ya kidole cha mteja wangu nazo zimeiga?"

"Basi nipe sampuli yangu, nina safari."

"Iko kwa mshirika."

Pazia la nyuma likafunguka. Mshirika, aliyeingilia mlango wa uani, alikuwa amevaa nguo za harusi, pete kidoleni, imemkaa kama vile haijawahi kutoka.

"Shikamoo, mama," alisema Maabara, kwa sauti iliyojitahidi sana kuiga ya mtu mwaminifu.

"Marahaba, mkwe wangu." Akafungua mlango wa mashine. "Hebu ingiza kichwa humo. Labda nacho kitafundishika kuiga cha mwenye akili."

Sonara, bila kuombwa, akawasha swichi.