Kondoo Yangu na Shikamoo ya Tito

Jumanne, 10 Juni 2025
Baridi. Ukungu mpaka mlangoni. Kondoo aliyepotea karudi mwenyewe, mnene kuliko alivyoondoka. Sauti yangu haijarudi. Wiki iliyopita nilituma ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp la majirani wa kijijini kwetu Daudi: "Kondoo yangu amepotea, iko na sikio nyeusi." Tito, fundi simu, akauwekea ngoma, ukawa wimbo. Sasa bodaboda wanaucheza mpaka Mbulu mjini. Mmoja kaandika kwamba hicho ni Kiswahili cha porini. Nilicheka nao. Kisha nikaenda zizini nikalia kidogo. Jumapili naimba zaburi peke yangu kanisani, na naogopa kufungua mdomo.

Jumatano, 11 Juni
Odilia, mke wangu, anasema siku nane sijaimba nikikamua, hata ng'ombe kapunguza maziwa. Anashauri nimwambie Mwalimu Evarist, msimamizi wa kundi, aufute ule wimbo. Halafu nikazungumze na nesi Judith wa zahanati, maana roho nayo huugua. Ushauri mzuri, kwa watu wasio na akili kama yangu. Nimenunua laini mpya. Kuanzia leo mimi pia ni Evelyne, miaka ishirini na moja, mwanachuo. Picha: waridi. Kundini nimeingia kwa linki.

Alhamisi, 12 Juni
Evelyne kaandika kwamba sauti ya Mzee Hermani, yaani yangu, ni tamu na wanaomcheka wana wivu. Nimesoma mara tano. Nimeguswa. Mara Mwalimu Evarist akauliza binti huyu kalelewa wapi, anaingia kwa watu bila kuwaamkia wakubwa. Atoe shikamoo, mmoja mmoja. Sawa. Nikamwamkia Evarist. Nikamwamkia jirani Patriki. Nikafika kwa Tito. Tito! Nimemzidi miaka mitatu. Kidole kiligoma. Nikamruka.

Ijumaa, 13 Juni
Tito kauliza mbona yeye hakuamkiwa. Halafu akajijibu: anayemsifia Hermani na hawezi kumpa Tito shikamoo, Daudi nzima ni mtu mmoja tu. Kundi zima likacheka. Nimezima simu. Nimemwambia Benedikta, kiongozi wa kwaya, atafute mtu mwingine wa zaburi.

Jumamosi, 14 Juni
Tito kaja kwa miguu yake. Nilijificha nyuma ya ng'ombe, akanikuta. Akaniamkia shikamoo, ya kwanza tangu nimjue. Kasema alidhani nafurahia utani, maana nilikuwa nacheka. Alipoona mtu mzima anajigeuza binti ndipo akajua kaniumiza. Wimbo kaufuta, na kamwomba Evarist awaonye wengine. Nilichelewesha marahaba ili niifaidi. Odilia alimpa chai. Alinitazama tu.

Jumapili, 15 Juni
Benedikta hakutafuta mtu mwingine. Nimeimba. Ubeti wa kwanza sauti ilitetemeka, baadaye ikakaa. Nesi Judith kanikaribisha tuzungumze siku yoyote. Nitakwenda Jumatano. Nimelala mchana kama mtoto.

Jumatatu, 16 Juni
Nimekamua nikiimba. Nimetafakari pia, nikaona kosa langu. Lilikuwa umri. Laini ile bado ina bando. Kuanzia asubuhi hii mimi ni Mzee Gidahosh, miaka themanini na minne, mkazi mpya kutoka Nangwa. Picha: fimbo. Saa nne Tito kaandika shikamoo mzee. Nimemjibu marahaba, kwa ujumbe wa sauti, ili aisikie vizuri.