Gari Halisukumwi

Ni heshima kwangu kuutangazia umma kwamba gari la Shirikisho la Viazi vya Mwinuko halijawahi kusukumwa hata siku moja tangu linunuliwe. Limesindikizwa tu. Wanaosema vinginevyo, hasa wale vijana wanaobadilisha fedha karibu na mpaka, hawajui tofauti kati ya usafiri na heshima.

Mimi ni Katibu wa Kamati ya Uchaguzi wa Gari, kwa hiyo nasema ninachokijua. Tulihitaji gari la kupanda Bugeshi, kule juu chini ya volkeno, ambako barabara ni mawe matupu hadi mvua inyeshe, kisha inakuwa tope lenye mawe ndani. Wakulima walitaka gari la kubeba viazi. Kamati ikaazimia linunuliwe gari kuukuu, linalovuta kwa magurudumu yote manne, kwa sababu gari jipya halina uzoefu. Wajumbe waliokulia Goma waliliita "jeep." Mimi niliyekulia Karagwe niliandika "jipu" katika kumbukumbu za kikao, na naomba ieleweke kuwa sikukusudia ile maana nyingine.

Bwana Shyaka wa Rugerero alikuwa nalo moja. Tulilikuta uani kwake likinguruma tayari, naye akatusihi tusilizime.

"Gari ya adabu haingojeshake wageni," alisema.

Tulivutiwa sana. Kila mjumbe alifunga mlango kwa zamu ili kuupima mlio, maana mtu mkubwa hujulikana kwa jinsi mlango wake unavyofunga. Mlio ulikuwa mzito, wa kizalendo. Boneti hatukuifungua. Si adabu kuchungulia mambo ya ndani ya gari mliloonana nalo asubuhi hiyohiyo. Tukalinunua.

Kesho yake, mbele ya ofisi yetu mjini Gisenyi, Mwenyekiti, mheshimiwa Rutagengwa, alijipweteka kwenye kiti cha mbele. Igor, dereva, akazungusha ufunguo. Jipu likasema "tk." Akazungusha tena. "Tk."

"Stata imekufa, Président," alisema Igor. "Inaomba musukumo."

"Msukumo?" Mwenyekiti alirudi kutoka Uganda, na anaamini kila neno lina cheo chake. "Listen, Igor. Gari la kiongozi halisukumwi."

"Basi shuka, Président, tuite fundi."

"Nikishuka, gari limeharibika. Nikibaki ndani, gari linasubiri."

Hapo ndipo nilipoonyesha kwa nini nilichaguliwa. Wauza sambaza, wale dagaa wa ziwani kwetu, walikuwa wameanza kukusanyika kutazama, nami papo hapo nikatunga Mwongozo wa Kusindikiza. Hoja yake ni ya utamaduni: kwetu mgeni haachwi atoke peke yake, unamtoa hadi njiani. Kwa hiyo mtu akiweka mikono nyuma ya gari akaenda nalo kwa haraka kidogo, hasukumi, anasindikiza. Kanuni ya kwanza ilipiga marufuku neno "sukuma." Kanuni ya pili, ambayo niliionea fahari sana wakati ule, ilisema: anayebaki humsindikiza anayeondoka.

Fundi alijitolea kutafuta stata nyingine. Mwenyekiti alikataa katakata kuwanyang'anya wananchi nafasi ya kushiriki.

Msimu mzima alipanda Bugeshi kukagua mashamba. Viazi havikupakiwa bado, kwa kuwa ilibidi gari lizoeane kwanza na uongozi. Ripoti zangu zilieleza kwamba mapokezi yalikuwa ya kawaida, lakini maagano yalikuwa ya kihistoria. Wanakijiji wote walitoka kumsindikiza, mbele yao Mukamusoni, mkulima aliyerudi kutoka Kongo, bega lake likiwa limebandikwa kwenye gurudumu la akiba.

"Tunamupenda sana huyu Président," aliniambia siku moja akihema. "Lakini hakuna siku tunamupenda kama pale anawaka na kuenda."

Nikaandika: wananchi wanampenda kiongozi wao.

Kisha upepo ukaezua ghala la viazi kule Bugeshi, na mvua ikaingia bila kuomba miadi. Mukamusoni akanipigia simu.

"Katibu, viazi viko vinalowa. Mutuletee ile gari leo, ao vitaoza vyote. Kuko mutu wa kuvinunua hapo Gisenyi, ananingoja mpaka saa sita tu."

Hakuwa na utani siku hiyo. Mavuno yao yote yalikuwa mle ndani, na nakiri sauti yake ilinichoma. Nikapeleka ombi juu. Mwenyekiti aliguswa, akaamua kupanda yeye mwenyewe kwenda kuvifariji viazi.

Alifika nasi Kamati nzima, akaagiza gari lizimwe lisimkatize, akapanda juu ya jiwe, akahutubia. Alisema kiazi ni mfano wa kiongozi, hukua bila kuonekana. Nyuma yake wakulima walikuwa wakipakia magunia. Mimi niliwaona, lakini utaratibu hauruhusu kumkatiza Mwenyekiti. Alipomaliza na kugeuka, gari lilikuwa limejaa hadi paani, na kwenye kiti cha mbele lilikaa gunia, limefungwa mkanda. Mukamusoni alikuwa amejibana pembeni yake, na Igor alikuwa kwenye usukani.

"Nani huyo kwenye kiti changu?"

"Ni kiazi, Président. Leo yeye ndiye anaondoka. Sisi tumeshabeba, mikono imekwisha. Donc, munabaki nyinyi."

Mwenyekiti alinigeukia. "Katibu, kanuni inasemaje?"

Nikaisoma ile ya pili. Sijawahi kutamani kuwa mwandishi mbaya kama siku hiyo.

Wakulima walisimama wamekunja mikono. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililotutisha. Basi Kamati nzima tukaenda nyuma ya jipu, Mwenyekiti katikati, viatu vyake vimezama topeni. Tukasindikiza. Halikutikisika. Tukasindikiza tena, na hapo uvumilivu ukamwisha mheshimiwa.

"Sukuma!" alipiga kelele. "Sukuma, Katibu! Sukumaaa!"

Jipu likakohoa, likawaka, likamtemea moshi mweusi kwenye shati lake jeupe. Mukamusoni akatoa kichwa dirishani.

"Président! Hii gari hawaisukumake! Wanaisindikizaka!"

Hapo ndipo walipocheka, hadi wengine wakakaa chini. Gari likashuka mlima na viazi vyake, wakulima wakarudi kuezeka ghala lao. Sisi tukabaki na barabara. Tope lilikuwa limezuia hata pikipiki kupanda.

Tulikuwa tumetembea kitambo tulipokutana na mtu akisukuma baiskeli yenye kabichi. Alilitazama shati la Mwenyekiti.

"Gari yenu nimepishana nayo kule chini, inashuka muzuri sana," alisema. "Na nyinyi munafanya nini huku kwa miguu?"

Mwenyekiti alijinyoosha, akarekebisha kola.

"Tunasindikiza."

"Ah, muzuri, utamaduni ni kitu kikubwa. Munasindikiza mpaka wapi?"

Mwenyekiti alitazama bondeni, ambako ziwa lilionekana dogo, mbali kabisa.

"Mpaka Gisenyi," alisema.