Nafasi Moja ya Mstari wa Mbele

Jumatatu, 22 Septemba

Wakana, daftari letu limefika salama kutoka Osaka. Sasa ni zamu yangu kuandika. Naapa kwa mikono yangu miwili (yote inauma) kwamba nitakueleza kila kitu, hata mambo ya aibu, mradi usimsomee dada yako.

Habari kubwa: imebaki nafasi moja! Siku ya sherehe ya kuvuta kamba, kabla kamba haijaguswa, wasichana watano wa karate wataonyesha Sanchin mbele ya mtaa mzima. Wanne wameshachaguliwa. Wa tano ni mimi au Arakaki Minori. Mwalimu Nakandakari ataamua Jumamosi.

Wewe hukuwahi kukanyaga ukumbi wetu, kwa hiyo nakueleza. Sanchin ni hatua chache za polepole, pumzi nzito, mwili umekazwa kama ubao. Mwalimu hupita nyuma akikupiga makofi mabegani aone kama utayumba.

Mimi huyumba. Minori hayumbi. Wala hatoki jasho. Sijui ameumbwa na nini.

Naitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Tena Bibi ameshawatangazia majirani kwamba nimechaguliwa!

Tatizo ni muda. Shule, hesabu, vyombo, kumwagilia karela za Bibi. Mazoezi nifanye saa ngapi? Leo nikiwa naosha sufuria nimepata jibu: kila kazi iwe mazoezi. Ajabu kwamba hakuna aliyewahi kulifikiria.

Jumatano, 24 Septemba

Nimepiga mswaki nikiwa nimechuchumaa. Nimefanya hesabu mgongo ukutani, magoti yamekunjwa, bila kiti. Mama akauliza kiti kimenikosea nini.

Shuleni ilikuwa zamu yangu ya kugawa chakula. Nikabeba sufuria la supu kwa hatua za Sanchin, miguu ikiteleza sakafuni na kuchora nusu mwezi, pumzi ikitoka kwa mngurumo. Mwalimu wa darasa akauliza kama tumbo linanikata. Sikujibu. Ukijibu, pumzi inakatika.

Nilisahau kizingiti cha mlango. Kizingiti kinataka unyanyue mguu. Sanchin haitaki.

Darasa zima limekula wali na samaki bila supu. Viatu vyangu vimeshiba. Wavulana wananiita Bi Supu, na mmoja akaniuliza kesho nitamwaga nini, awahi kuja na ndoo.

Minori alileta tambara, akapiga magoti na kufuta pamoja nami. Akaniambia kwa upole, shoga yangu, si ungetembea tu kama watu? Matusi ningeyavumilia. Upole ule ndio ulioniudhi.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimesinzia kwenye somo la historia. Si kosa langu, nilikuwa nimesimama kwa mguu mmoja nusu ya usiku. Nikaota niko kwenye Sanchin, nikapumua kwa mngurumo. Darasa zima limesikia. Mwalimu wa historia alinyamaza mpaka nikamaliza.

Jumamosi, 27 Septemba

Lo! Niliapa kusema yote. Haya.

Kwenye karate tunabeba mitungi ya udongo, mmoja kila mkono, tukiishika mdomo kwa ncha za vidole tu. Minori hubeba mikubwa. Mimi bado niko kwenye midogo. Asubuhi nikaona nijinoe kidogo kabla ya uamuzi. Nyumbani mtungi mkubwa ni mmoja tu: ule wa pombe ya mchele ambao Bibi aliuweka mwaka niliozaliwa, ufunguliwe nikitimiza miaka ishirini. Bibi alikuwa ameenda na wazee wenzake kwenye mchezo wao wa kugonga mipira kwa nyundo za mbao. Nikavaa sare yangu ya karate, nikaubeba mtungi, nikazunguka ua.

Mzunguko wa kwanza, safi kabisa. Wa pili, vidole vikaanza kutoa jasho. Mtungi haukuvunjika, kwa sababu niliwahi kuanguka chini yake. Lakini kifuniko kilifunguka. Nililowa kuanzia shingoni hadi mkandani.

Sare ninayo moja. Muda wa kufua haukuwepo. Nikajisugua kwa ndimu. Usijaribu, Wakana. Nilinuka kama baa iliyokatiwa ndimu.

Ukumbini tukapanga mstari. Mwalimu akapita nyuma yangu, nikasubiri kofi. Kofi halikuja. Nikasikia ananusa mara mbili. Akaniuliza, Kozue, binti yangu, umekunywa? Nikasema hapana Mwalimu, nimemwagikiwa. Akauliza na nini. Nikasema na miaka yangu ishirini.

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Minori naye alicheka, na alipocheka AKAYUMBA! Nimemwona kwa macho yangu!

Kisha likaja kofi langu. Mabega yalisimama imara. Magoti ndiyo yalicheza yenyewe, kama karela kwenye upepo, wala sikuyatuma. Mwalimu akayabonyeza mabega yangu, akasema nguvu ninazo, nisichokuwa nacho ni usingizi. Nafasi akampa Minori. Mimi ni wa akiba, akiugua mtu. Tena kwa sharti: nipumzike mpaka Alhamisi. Nikila, nile tu. Nikitembea, nitembee tu. Nikilala, nilale.

Nililia kidogo kando ya rafu ya viatu. Minori akanipa leso, akasema alikuwa ananiogopa wiki nzima. Mimi! Nikapenga kamasi.

Nyumbani nikapiga magoti mbele ya Bibi, nikaeleza yote. Akachungulia mtungini. Nusu imekwenda. Akaguna: "Mjukuu wangu, nimekuwekea pombe uje uinywe ukiwa mtu mzima, wewe umeoga nayo!" Kisha akacheka mpaka akashika mbavu, akaenda kuchota kwenye mtungi wake mdogo wa pombe changa na kuujazia wangu. Ndivyo ifanywavyo, alisema; changa ikikaa na ya zamani, hujifunza uzamani. Kuhusu majirani, nisijali. Atawaambia akiba ndiyo huwekwa kwa ajili ya siku ngumu.

Jumapili, 28 Septemba

Nimeyatafakari maneno ya Mwalimu na nimeyaelewa kabisa. Minori anashinda kwa sababu anapumzika vizuri. Basi nitapumzika kumshinda!

Nimeanza leo baada ya chakula. Nimelala chali, macho nimeyafumba, mikono imetulia. Miguu nimeinyanyua kidogo tu juu ya godoro, tumbo limekazwa. Bibi akafungua mlango, akauliza mbona uso umekuwa mwekundu. Nikamwambia napumzika kwa nguvu zangu zote. Akafunga mlango polepole.

Wakana, wewe una busara, na mimi Alhamisi nitaulizwa na Mwalimu na siwezi kumdanganya. Nijibu kwa posta ya kwanza: mtu akiwa amelala kitandani, macho yamefumbwa, ila miguu tu ndiyo iko hewani, huko si kupumzika?