Mifuniko Kumi na Miwili ya Injinia Elirehema

Jumatatu, 5 Januari
Siku ya kwanza kwenye duka la vifaa vya ujenzi la Shangazi Anaeli, Ngarenaro. Kidato cha nne nimemaliza, nasubiri matokeo. Shangazi kasema meza ya oda ina kiti kimoja: mimi au binamu Violet. Atakayeshindwa anakwenda Olmotonyi kukata majani ya ng'ombe wa Bibi. Violet anaongea na wateja kama redio. Mimi nikimwona mteja naangalia misumari. Haidhuru. Akili ninayo.

Na oda imekuja! Injinia Elirehema anajenga kiwanda cha kusindika parachichi, Sakina. Anataka mifuniko kumi na miwili ya chemba za maji machafu, ya chuma cha kuyeyusha, isiyovunjika lori likipita. Nimenyoosha mkono kama darasani. Shangazi kanipa. Violet kauliza kama injinia nitampigia simu au nitamwimbia pambio.

Jumanne, 6 Januari
Fundi nimempata mtaa wa nyuma. Mzee Lerionka anayeyusha injini mbovu na kumimina chuma kwenye mchanga. Nikamwamkia, nikampa karatasi ya vipimo. Kasema nilete mfuniko mmoja wa kipimo hicho kama sampuli. Ataugandamiza mchangani, chuma kifuate umbo. Seremala wa kuchonga sampuli atachukua wiki mbili. Wiki mbili! Violet atakuwa ameota mizizi kwenye kile kiti.

Mfuniko wa kipimo hicho upo nyumbani, kwenye chemba ya choo nyuma ya jiko. Ni wa mwenye nyumba wetu, Mzee Aristides. Nitauazima. Kumwomba kunahitaji kuongea, kwa hiyo nitauazima kimyakimya.

Jumatano, 7 Januari
Nimeutoa alfajiri pamoja na matope yake, nikausukuma kwa toroli. Shimo nimeliziba kwa sinia la pilau la Mama na tofali juu. Imara kabisa!

Mzee Lerionka kausugua kwa brashi, kautazama sana. "Binti yangu, niutoe kama ulivyo? Na haya ya juu?" Mtu mzima akikuuliza hivyo, unamkatalia vipi? Nikajibu, "Ndiyo, babu." Ya juu ni yapi sikuona. Nilikuwa natazama viatu vyangu.

Ijumaa, 9 Januari
Mambo safi. Mzee Aristides kapita kukagua nyumba, kaona sinia, kamuuliza Mama kama siku hizi tunapika pilau chooni. Mama kanigeukia. Nikafumba macho nikaanza kusali. Mlutheri akisali haulizwi kitu.

Jumatano, 14 Januari
Mifuniko imetoka. Mizito, haina hata tundu! Imepakiwa kifudifudi kwenye kigari cha mizigo, kirikuu, nikaipeleka mwenyewe. Vibarua wakaipindua mmoja mmoja uwanjani. Kila mmoja, kwa herufi za mtu mwenye hasira: MALI YA ARISTIDES. MWIZI UTAJUTA. Mara kumi na mbili!

Watu huchomelea majina kwenye mifuniko kwa sababu ya wezi wanaoiuza kama vyuma chakavu. Nilisahau kwamba Mzee Aristides ni mtu makini.

Injinia kauliza Aristides ndiye nani. Nikachomoa kalamu. Nikamwandikia: "Ni jina la kampuni." Kwa bahati mbaya akapiga simu dukani. Violet kapokea, kacheka dakika nzima, kisha kaahidi maandishi yatakwanguliwa kwa grinda kabla ya Jumamosi. Injinia kakubali. "Dada yule anaijua kazi," kasema, mbele yangu.

Ijumaa, 16 Januari
Kiti ni cha Violet. Kanipungia mkono akiwa amekikalia. Mfuniko nimeurudisha. Mama kasema kwenye lile sinia nitakula peke yangu.

Jumatatu, 19 Januari, Olmotonyi
Majani yanakata mikono. Lakini nimetafakari, na kosa nimelijua. Mpango ulikuwa mzuri. Niliazima kwa mtu asiyefaa.

Mwenyekiti wa kijiji anatafuta mifuniko minne ya chemba za bomba la maji. Nimeshampelekea karatasi: asiende mbali, kazi ni yangu. Mfuniko wa tenki la kijiji nimepanda kuuangalia. Msafi, hauna hata herufi moja! Umeshikwa na bolti nne tu.

Bibi ana spana.