Doa Jekundu Chini ya Bawa

Jumatatu, 9 Juni

Noëlla amerudi Muheto! Yule mtoto wa kamasi niliyemfundisha darasa la tatu sasa ni Docteur Noëlla, daktari wa wadudu, ana miwani na mkoba wenye mifuko kumi na mitatu. Nimeihesabu. Ametangaza mbele ya kanisa kwamba anatafuta mtu mmoja, mmoja tu, wa kuhesabu vipepeo wa malisho ya juu kila wiki, mwaka mzima. Atakayechukuliwa atapewa beji yenye picha yake.

Tatizo ni kwamba kuna vipepeo wa aina mbili, wote rangi ya chungwa, wote wenye ukingo mweusi, wanaofanana kupita kiasi. Kila mshindani alete Jumamosi watano wa kila aina, hai, kila aina kwenye kikapu chake.

Kazi hiyo ni yangu. Nani alimfundisha huyu mtoto kusoma? Tangu nistaafu, miaka minne sasa, hakuna anayeniuliza kitu isipokuwa saa. Inauma.

Mshindani mwingine ni mmoja tu, Faustin, jirani yangu, mtu wa ng'ombe na jibini. Nimecheka sana.

Jumanne, 10 Juni

Docteur ametuonyesha tofauti. Aina ya kwanza ina doa dogo jekundu chini ya bawa la nyuma. Ya pili haina. Basi! Ila kipepeo akiruka huoni kitu, na akitua, ukisogea anaruka.

Nikahitaji wavu. Sandukuni mwa Jeannette, mke wangu, kulikuwa na veli ya harusi yetu. Haijavaliwa miaka thelathini na mmoja! Nikaifunga kwenye mpini wa ufagio. Nilikimbia vizuri sana, hatua arobaini hivi. Kisha seng'enge. Nusu ya veli imebaki kwenye uzio wa Faustin. Vipepeo: hakuna.

Nusu nyingine nimeirudisha sandukuni, upande mzima ukiwa juu. Hatajua.

Jumatano, 11 Juni

Amejua. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, akiniita kwa jina la binti yetu, "Papa Naomie, unataka kuoa tena ao?" Halafu akaketi akanishonea wavu mwingine kwa chandarua kuukuu, akisema hata hivyo ile veli ilimwasha shingo siku nzima ya harusi. Mwanamke huyu nampenda. Sikumwambia, maana angeuliza nimeharibu nini kingine.

Vipepeo: mmoja. Kumbe ni jani.

Alhamisi, 12 Juni

Nimempeleleza Faustin. Hakimbii hata kidogo! Anakaa tu kwenye matope ambako ng'ombe wake hukojoa, na vipepeo wanakuja wenyewe kunyonya chumvi. Wamejaa pale utadhani misa ya Noeli.

Mimi sina ng'ombe. Lakini ndoo ninayo. Nikasimama nyuma ya ng'ombe wake mwenye pembe moja, nikangoja robo saa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Niliinama, na ndipo teke liliponipata vizuri.

Faustin alikuja mbio, akanikanda paja kwa maji ya moto, akanipa kipande cha jibini. "Mwalimu, ungeomba tu," akasema. "Mi ningekupatia hata ndoo mbili." Nimekula jibini lote kwa hasira. Lilikuwa zuri.

Ijumaa, 13 Juni

Ndoo mbili za Faustin zimefanya kazi! Nimemwaga kando ya shamba letu la maharage na saa nane nilikuwa na vipepeo kumi. Furaha kubwa. Kisha nikawageuza mmoja mmoja. Wasio na doa saba. Wenye doa watatu.

Kiwavi gani huyu anayenifuata maishani? Nikangoja, nikasubiri, hakuja mwingine. Jua likafunikwa na mawingu, wakaenda zao wote.

Basi nikafikiri. Wawili wamekosa doa tu, kila kitu kingine wanacho. Nikachovya ncha ya jani kwenye mawese. Doa moja, kwa upole. Doa la pili. Safi kabisa! Jeannette akapita, akauliza tangu lini wadudu wanaungwa kwa mafuta kabla ya maharage. Nikamjibu kuwa ni sayansi.

Jumamosi, 14 Juni

Aibu.

Docteur alianza na vikapu vya Faustin. Watano na watano, hakuna kosa. Kisha vyangu. Akaweka kioo cha kukuzia. Akatazama muda mrefu. Akanusa.

"Mwalimu Symphorien," akasema polepole, "hii iko mawese."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mmoja wa vipepeo wangu alikuwa amenata kwa mwenzake. Faustin akavalishwa beji. Nikachukua kofia yangu niende.

Docteur akanishika mkono, kwa mikono yake miwili, mbele ya wote. Akasema darasa la tatu alikuwa akiangalia dirishani, nami nikamtoa nje na kumpigisha magoti kwenye majani. Sikumbuki hata kidogo! "Kipepeo akatua mbele ya uso yangu," akasema. "Sikutingizika. Siku ile njo niliona doa ya kwanza."

Hakuwa na hasira. Alikuwa anacheka, na macho yamemlowa. Mimi nililia. Niliwaambia ni moshi, lakini hapakuwa na moto.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya misa Faustin aliniomba niwe napanda naye malishoni kila wiki, maana peke yake anachoka kunyamaza. Nimekubali kwa masharti, ambayo bado sijayapata. Jeannette ametupikia sisi watatu sombe ya majani ya muhogo na maharage. Siku njema.

Nimeyatafakari sana maneno ya Docteur. Yamenigusa moyo. Nimeliona kosa langu waziwazi, na si aibu kulikiri hapa. Miaka thelathini na miwili darasani, nimetoa daktari mmoja tu, kwa sababu nilipigisha magoti watoto wachache mno.

Barua kwa mkurugenzi wa shule iko tayari. Naomba nianze na darasa la tatu lote, kesho saa mbili asubuhi, mvua isiponyesha.